UZI: Bradford, 2 Februari 1963. Usiku ambao The Beatles walikuwa wasindikizaji wa binti wa miaka 16

Santuri ya Babu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nyuzi nyingi za The Beatles humu huanzia pale ndege yao ilipotua New York tarehe 7 Februari 1964, mashabiki wanalia, waandishi wamejazana. Leo naomba turudi nyuma mwaka mmoja. Februari ileile, lakini 1963, mji wa Bradford kule Yorkshire, mji uliojengwa na viwanda vya sufu. Theluji iliyoanza kuanguka mwishoni mwa Desemba ilikuwa bado haijaondoka. Majira yale ya baridi yanahesabika kuwa makali kuliko yote England tangu mwaka 1740. Jumamosi tarehe 2, watu wamejifunika makoti wanaingia ukumbi wa Gaumont, na wengi wao hawakununua tiketi kwa ajili ya The Beatles.

Waliyemfuata ni Helen Shapiro. Alikuwa na miaka 16. Alipotoa santuri yake ya kwanza alikuwa na miaka 14, na ndani ya mwaka huohuo wa 1961 nyimbo zake mbili, You Don't Know na Walkin' Back to Happiness, zilishika namba moja Uingereza. Sauti nzito, ya mtu mzima, inatoka kwa mtoto wa shule. Jina lake ndilo lililokuwa kubwa kwenye bango.

Mpangilio wa usiku ule ulikuwa hivi. Bendi ya Red Price inafungua. Wanafuata The Honeys, wasichana watatu. Anaingia mshereheshaji, mchekeshaji Dave Allen. Kisha The Beatles. Danny Williams anafunga nusu ya kwanza. Baada ya mapumziko bendi ya Red Price inarudi, wanaingia The Kestrels, anaingia Kenny Lynch, halafu ndipo Helen mwenyewe. Hesabuni wenyewe vijana wetu wa Liverpool wako wapi hapo. Wako katikati ya nusu ya kwanza, pale ambapo watu wengine bado wanatafuta viti vyao.

Waliimba nyimbo nne: Chains, Keep Your Hands Off My Baby, A Taste of Honey na Please Please Me. Basi. Katika hizo nne, waliyoitunga wao ni moja tu.

Hoja yangu, na niko tayari kuitetea hapa mpaka kesho: zile dakika chache za kumbi za mikoani, mbele ya watu waliomlipia mtu mwingine, ndizo zilizowafanya wawe The Beatles tunaowajua. Watu wanaipa sifa Liverpool, mji wao, na wanaipa sifa Hamburg, Ujerumani. Bradford, Doncaster, Bedford, Wakefield, Carlisle na Sunderland hakuna anayezitaja.

Nakaribisha michango.

---

Mpiga Solo

Mkuu, uzi mtamu, lakini hapo mwisho nakupinga moja kwa moja. Hamburg huwezi kuiruka. Mwaka 1960 pale klabu ya Indra walikuwa wanapiga saa nne na nusu siku za kawaida, na saa sita Jumamosi na Jumapili. Usiku hadi usiku. Wameenda, wamerudi, wameenda tena, hadi mkesha wa mwaka mpya wa 1963 walikuwa bado wako Star-Club, klabu nyingine ya hukohuko. Mtu aliyepita hapo anaogopa nini dakika kumi na tano za Bradford? Shule waliimaliza Ujerumani. Bradford walienda kuonyesha cheti.

---

Binti Jaha

Nimekaa mkao wa kula. Mleta uzi, weka nyama. Kwa nini shoo kama hizi zilikuwa kwenye kumbi za sinema? Gaumont, Odeon, ABC, Granada, yote hayo ni majina ya sinema.

---

Santuri ya Babu

Dada Binti Jaha, nianze na wewe, kwa sababu swali lako ndilo msingi wa kila kitu.

Hizi kumbi zilijengwa zaidi miaka ya 1920 na 1930, wakati sinema ilikuwa ndiyo starehe ya kila mtu. Ile ya Bradford ilifunguliwa mwaka 1930 kwa jina la New Victoria, ikiwa na viti zaidi ya 3,000, kuba mbili kwenye pembe za mbele, na jukwaa kamili, maana siku zile filamu zilichanganywa na maonyesho ya watu hai. Mwaka 1946 tiketi za sinema zilizouzwa Uingereza zilikuwa zaidi ya bilioni 1.6. Kisha televisheni ikaingia majumbani. Mwaka 1963 tiketi zilizouzwa hazikufika hata milioni 400. Sasa wewe ni mwenye ukumbi wa watu elfu tatu, filamu haijazi hata robo, jukwaa lipo, taa zipo, pazia lipo. Akija promota na basi lililojaa waimbaji, utamkatalia?

Ndivyo ziara za pamoja zilivyoshamiri. Promota anakusanya wasanii saba au wanane, anaweka jina moja kubwa juu, wanapanda basi moja, kila siku mji mpya. Kila usiku shoo mbili: ya kwanza kama saa kumi na mbili jioni, ya pili saa mbili na nusu usiku. Watu wa shoo ya kwanza lazima watoke, watu wa shoo ya pili waingie. Kwa hiyo hakuna kuzidisha hata wimbo mmoja. Ukipewa robo saa, ni robo saa, na meneja wa jukwaa amesimama pembeni anaangalia saa.

Na hapo ndipo namjibu Mpiga Solo. Kaka, Hamburg naiheshimu. Iliwapa pumzi, iliwapa nyimbo mamia kichwani, iliwafundisha kumshika mlevi asiondoke. Lakini mtu mwenye saa sita anaweza kukosea saa nzima halafu akarekebisha. Wimbo haujakolea, unaurefusha. Umechoka, unapiga polepole. Mwenye robo saa hana pa kurekebishia. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa, na ushahidi kwamba ya pili walikuwa hawaijui uko Peterborough.

---

Mpiga Solo

Peterborough kuna nini?

---

Santuri ya Babu

Tarehe 2 Desemba 1962, miezi miwili kamili kabla ya Bradford. Ukumbi wa Embassy, Peterborough, mashariki mwa Uingereza. Jina kubwa ni Frank Ifield, mwimbaji aliyekulia Australia, ambaye mwaka ule wimbo wake I Remember You ulikaa namba moja wiki saba. Promota ni Arthur Howes. Brian Epstein, meneja wa The Beatles, alimbembeleza Howes awajaribu vijana wake, na makubaliano yakawa wapande bila malipo, warudishiwe gharama za safari tu.

Wakaanguka. Hakuna namna ya kulipamba. Watu walikuja kumsikia Ifield na sauti yake ya kupanda na kushuka, wakakutana na vijana wanne wanaopiga kama bado wako baa ya Hamburg. Mwandishi wa gazeti la pale mjini aliandika kwamba kundi hilo linalosemekana kusisimua halikumsisimua hata kidogo. Akamlaumu mpiga dramu kwa kudhani kazi yake ni kuongoza badala ya kushika mdundo. Akasema kwenye Twist and Shout, waliyofungia, ilikuwa kama kila mmoja anashindana na mwenzake kupiga kelele. Alichokisifu ni A Taste of Honey, wimbo wa polepole. Love Me Do aliona unavumilika.

Sasa rudi kwenye orodha ya Bradford niliyoweka juu. Twist and Shout haimo. A Taste of Honey imo. Wimbo wa kufungia ni Please Please Me, wao wenyewe, dakika mbili tu, wanaingia na harmonika, wanapandisha, wanamaliza. Miezi miwili ile, kuna watu walikaa chini wakajiuliza ukumbi wa viti unataka nini. Hilo Hamburg haikuwahi kuwauliza.

Na Howes naye nampa heshima yake. Mapromota wengi wangewafuta kwenye daftari usiku uleule. Yeye aliwaweka kwenye ziara ya Helen Shapiro.

---

Fundi Spika

Wakuu, mimi kazi yangu ni sauti za majukwaani, hivyo naomba niongeze upande huo.

Vijana wa leo wakiona picha za zile shoo huuliza spika ziko wapi. Hazikuwepo. Gitaa za John Lennon na George Harrison zilipita kwenye amplifaya za Vox AC30, wati 30 kila moja. Besi ya McCartney ilikuwa na amplifaya yake. Dramu za Ringo zilisikika kwa mikono ya Ringo. Sauti za kuimba zilipita kwenye vipaza sauti vya ukumbi wenyewe, vilivyofungwa kwa ajili ya mtu anayetangaza au mchekeshaji anayeongea. Spika za kumrudishia mwimbaji sauti yake jukwaani, zile tunazoziweka miguuni leo, hawakuwa nazo. Watu watatu wanaimba sauti tatu zinazopishana, na kila mmoja anamsikia mwenzake kwa sikio tupu.

Kwa hiyo nikisoma lawama ya yule mwandishi wa Peterborough, naielewa kifundi. Ukumbi wa baa una dari fupi na watu wamebanana, miili yao inameza mlio. Ukumbi wa sinema wa miaka ya 1930 una dari juu sana na jukwaa lenye kina, lakini ulitengenezwa sauti ifike hadi kiti cha mwisho. Ukipiga dramu kwa nguvu ileile ya baa, inawafunika waimbaji wote. Hakuna mtu wa kuishusha, hakuna meza ya kuchanganyia. Kinachoweza kushusha ni mkono wa mpigaji tu. Ndiyo maana A Taste of Honey ilisikika vizuri. Pale Ringo anapiga taratibu, waimbaji wana nafasi.

Kitu kimoja zaidi. Februari 1963 bado walikuwa wanajisikia wanapoimba. Kufika mwisho wa mwaka ule mayowe yalikuwa yameshafunika AC30 zote. Hizi ziara za mwanzo wa 1963 ndizo mara za mwisho ambapo mtu aliyekaa ukumbini Uingereza aliweza kusikia vizuri wanachokipiga. Hilo linaniuma kila nikilifikiria.

---

Santuri ya Babu

Fundi Spika, umenisaidia sana. Hilo la dari sikuwa nimelifikiria hata siku moja.

---

Mwanamvua

Nimesoma yote. Mbona mnampita Danny Williams kana kwamba ni pazia? Ndiye aliyefunga nusu ya kwanza Bradford, nafasi ya juu kuliko ya The Beatles. Na ni Mwafrika mwenzetu.

---

Santuri ya Babu

Dada Mwanamvua, asante kwa kunivuta shati. Nilikuwa nakuja huko.

Danny Williams alizaliwa Port Elizabeth, Afrika Kusini. Alifika London mwaka 1959 na kundi la maonyesho liitwalo Golden City Dixies, akabaki. Mwishoni mwa Desemba 1961 wimbo wake Moon River ulishika namba moja Uingereza. Kijana kutoka nchi ya ubaguzi wa rangi, ambaye serikali ya kwao ilimpangia kila kitu kwa ngozi yake, anashika kilele cha chati ya Uingereza kwa sauti laini kama ile. Mkiisikiliza leo mtaelewa kwa nini Februari 1963 aliwekwa baada ya The Beatles: watu wakishachangamshwa na magitaa, yeye anawatuliza wende mapumziko wakiwa wameridhika.

Tena kuna usiku ambao watu wengi hawaujui. Tarehe 26 Februari, mji wa Taunton, kusini magharibi, Helen aliugua mafua, hakupanda. Billie Davis aliletwa kuziba pengo, na aliyepandishwa kuwa jina kubwa la usiku ni Danny Williams. Kwa hiyo kuna usiku wa mwaka 1963 ambapo The Beatles walimsindikiza mzaliwa wa Port Elizabeth. Kwangu mimi hili lina uzito kuliko picha zote za uwanja wa ndege.

Na Kenny Lynch asisahaulike. Mtu mweusi wa London, mzaliwa wa Stepney, mcheshi na mtunzi. Tarehe 26 Januari, wiki moja kabla ya Bradford, Lennon na McCartney walianza kutunga wimbo Misery nyuma ya jukwaa la King's Hall, Stoke-on-Trent, wakiwa na nia ya kumpa Helen. Wasimamizi wake wakaukataa. Kenny akauchukua. Ndiye mtu wa kwanza nje ya The Beatles kurekodi wimbo wa Lennon na McCartney. Rekodi ile ni matunda ya urafiki wa basini, watu walioshiriki kiti na sigara.

---

Mwanamvua

Ubarikiwe. Taunton naiandika pembeni.

---

Nahodha Mstaafu

Salamu kwenu nyote. Marekebisho madogo kwa wanaopenda kusema The Beatles walikuwa tayari namba moja kwenye ziara ile. Please Please Me ilitoka tarehe 11 Januari 1963. Siku ya Bradford ilikuwa inapanda tu. Na namba moja haikufika: ilikwama namba mbili. Msiandike historia kwa ushabiki.

---

Mpiga Solo

Mzee wangu Nahodha, shikamoo. Hapo inategemea unasoma chati ya nani. Magazeti ya muziki ya NME na Melody Maker yote yaliuweka namba moja. Iliyouweka namba mbili ni Record Retailer, ambayo baadaye ndiyo iliyochukuliwa kuwa chati rasmi ya miaka ile. Wakati ule ilikuwa moja kati ya kadhaa. Kijana wa Bradford mwenye NME mkononi alisoma namba moja.

---

Nahodha Mstaafu

Marahaba. Nakubali kuna chati nyingi, lakini rekodi rasmi ni rekodi rasmi.

---

Santuri ya Babu

Mzee Nahodha na kaka Mpiga Solo, wote mko sahihi. Na tazameni ni nani aliyewazuia kwenye Record Retailer: Frank Ifield, na The Wayward Wind. Yuleyule wa Peterborough. Desemba anawafunika jukwaani, Februari anawafunika kwenye chati.

---

Binti Jaha

Ngojeni kidogo jamani. Wanaume wote humu mnaongea Beatles, Ifield, Howes. Helen yuko wapi? Binti wa miaka 16 amebeba ziara nzima mgongoni. Tiketi ni zake, bango ni lake, basi limejaa watu wazima, na kila usiku anapanda wa mwisho baada ya wote. Shoo mbili. Halafu historia inamkumbuka kama "yule aliyefunguliwa na The Beatles."

Mimi nimemfuatilia sana. Mwanzoni mwa 1963 alirekodi albamu Nashville, Marekani. Katika nyimbo alizorekodi kule ulikuwemo It's My Party. Kampuni yake haikuutoa kama singo. Muda mfupi baadaye Lesley Gore akautoa na ukawa namba moja Marekani. Jamani! Misery wamemkatalia, It's My Party wamemkalia. Watu wazima waliozunguka kipaji kile ndio waliokiangusha. Sauti yake haikuwa na tatizo.

Na tusimalize kwa huruma pia, maana hakuishia hapo. Aliimba jaz miaka mingi na bendi ya Humphrey Lyttelton, akaigiza kwenye michezo ya jukwaani, akaimba injili, akastaafu mwaka 2002. Hayo ni maisha kamili ya msanii.

---

Santuri ya Babu

Dada, sina la kupinga. Naongeza tu kwamba wenyewe The Beatles walimheshimu. Tarehe 4 Oktoba 1963, walipopanda kwa mara ya kwanza kipindi cha televisheni Ready Steady Go!, Helen alikuwepo, na aliimba wimbo wake akiwaimbia John, Ringo na George mmoja mmoja. Miezi minane tu imepita tangu Bradford, na ngazi imeshageuka.

Mgeuko wenyewe ulianza ndani ya ziara ileile. Wiki zilivyosonga, The Beatles walisogezwa wakawa wao wanaofunga nusu ya kwanza. Tarehe 9 Machi wakaanza ziara nyingine, majina makubwa yakiwa Wamarekani wawili, Tommy Roe na Chris Montez. Haikuchukua muda The Beatles wakawa wa mwisho kupanda. Mei wakaenda na Roy Orbison, na huko pia wakaishia kuwa wao wanaofunga. Ziara tatu, majina makubwa manne, na kila mara ukumbi ndio ulioamua. Epstein aliweza kupiga simu atakavyo. Wa mwisho ni yule ambaye watu wakishamsikia hawataki kumsikia mwingine, na hilo huwezi kulipanga ofisini.

Nirudi kwenye hoja yangu, maana naona Mpiga Solo bado hajakubali.

Tazama kalenda. Jumamosi tarehe 9 Februari wako Sunderland, kaskazini kabisa. Jumatatu tarehe 11 wako studio za EMI, Abbey Road, London, zaidi ya kilomita 400 kusini. Kuanzia saa nne asubuhi hadi karibu saa tano usiku wakarekodi nyimbo kumi za albamu yao ya kwanza. Siku moja! Lennon ana mafua, koo limekwisha. Watu wanashangaa jinsi walivyoweza. Mimi naona walikuwa wameshazoea kazi hiyo: ingia, imba mara moja, isikosewe, toka. Katika zile nyimbo nne za Bradford, tatu ziko kwenye albamu ile. Please Please Me ilikuwa imesharekodiwa mwaka uliopita. Chains na A Taste of Honey ni za siku hiyo ya Jumatatu. Na wimbo wa mwisho waliourekodi usiku ule, koo la Lennon likiwa halina kitu tena, ni Twist and Shout. Uleule wa Peterborough. Safari hii kelele zake zina mpangilio. Kila mmoja anajua lini aingie na lini anyamaze. Albamu ilitoka tarehe 22 Machi, na ilipofika namba moja ilikaa wiki 30.

Na basini kazi iliendelea. Tarehe 28 Februari, njiani kutoka York kwenda Shrewsbury, Lennon na McCartney walitunga From Me to You, jina wakilitoa kwenye safu ya barua za wasomaji ya NME iliyoitwa From You to Us. Wimbo huo nao ukaenda namba moja, na hapo Mzee Nahodha hana chati ya kunikatalia.

---

Nahodha Mstaafu

Hiyo ni namba moja kwenye chati zote. Sina neno.

---

Fundi Spika

Mkuu, lile tukio la Carlisle unalijua? Lile la hotelini?

---

Santuri ya Babu

Nalijua. Tarehe 8 Februari, baada ya shoo ya ABC Carlisle. Hotelini walikofikia kulikuwa na dansi ya klabu ya gofu. The Beatles na Helen wakaalikwa waingie, halafu wakaombwa watoke kwa sababu vijana walikuwa wamevaa majaketi ya ngozi. Magazeti yakaliandika. Nalitaja haraka tu, kwa sababu watu hulipenda kuliko nyimbo. Kwangu linaonyesha jambo moja: jukwaani unapigiwa makofi, ukishuka ngazi unaulizwa umevaa nini. Na binti aliyebeba ziara nzima naye alitolewa pamoja nao.

---

Binti Jaha

Ukumbi wenyewe wa Bradford bado upo? Au ulivunjwa kama vingine?

---

Santuri ya Babu

Upo, na hilo ni pigano lingine la kusimuliwa. Baadaye uligeuka Odeon, ukagawanywa ndani kuwa sinema ndogondogo, ukafungwa mwaka 2000. Ukakaa mtupu miaka mingi, ukapangiwa kuvunjwa. Wananchi wa Bradford walikataa. Mwaka 2007 walikuja kwa mamia wakashikana mikono kuuzunguka jengo lote. Wakashinda. Umekarabatiwa na sasa unaitwa Bradford Live, kuba zake mbili ziko palepale. Kumbi nyingi za aina ile Uingereza zimekuwa nyumba za kuchezea bingo, makanisa, au vifusi. Watu hulinda nyumba za utotoni za wanamuziki, wanaweka vibao ukutani. Majukwaa yenyewe walikofanyia kazi wanayaacha yaoze, na hili sitaacha kulisema.

---

Mwanamvua

Mkuu, mtu akitaka kusikia usiku ule ulivyokuwa, aanze na nini?

---

Santuri ya Babu

Dada, fuata mpangilio wa bango. Chains na A Taste of Honey zichukue kwenye albamu ya kwanza. Keep Your Hands Off My Baby hawakuitoa kwenye santuri zao za EMI siku zile, lakini waliipiga redioni BBC, kipindi cha Saturday Club, mwezi wa Januari 1963, na ilitolewa mwaka 1994 kwenye mkusanyiko wa Live at the BBC. Sauti yake ina mikwaruzo kiasi, lakini hapo ndipo utawasikia jinsi walivyokuwa wanapiga wiki zile zile. Kisha Please Please Me. Ukimaliza usiendelee na The Beatles. Weka Moon River ya Danny Williams. Pumzika. Halafu Misery ya Kenny Lynch, na umalizie na Helen, Walkin' Back to Happiness, kwa sauti ya juu.

---

Mpiga Solo

Nimefanya hivyo sasa hivi, wimbo kwa wimbo kama ulivyoandika. Bado nasimama na Hamburg kwa upande wa pumzi. Lakini Twist and Shout nimeirudia nikiwa na ile lawama ya Peterborough mkononi, na kwenye dramu nakubaliana nawe: Ringo yule wa Februari anajua kungoja. Kesho nafungua uzi wa Star-Club, nawe uje unipinge kule.

---

Fundi Spika

Ukifungua nitag. Nina ya kusema kuhusu dari ya Star-Club.